Tulipasue Neno la Daktari

Ndugu msikilizaji, na wewe msomaji unayeyakuta mazungumzo haya gazetini baada ya kwenda hewani, nakuomba ufanye jambo dogo kabla hatujaanza. Geuza uso utazame bega lako la kushoto, kisha weka vidole upande wa kulia wa shingo. Utaukuta msuli umekaza kama kamba ya turubai. Unatoka nyuma ya sikio, unashuka mshazari, unaishia pale mfupa wa kidari unapokutana na mtulinga. Unautumia kila unapotazama kama gari linakuja kabla hujavuka barabara. Kwa Kiingereza cha hospitali msuli huo unaitwa "sternocleidomastoid". Herufi 19. Mtu akilikuta neno hilo mara ya kwanza kwenye karatasi yake ya matibabu, anaweza kudhani kalamu ilimteleza daktari ikaendelea yenyewe.

Sisi tunaosoma taarifa redioni hatuyamezi maneno ya namna hiyo mazima mazima. Tunachukua penseli, tunalipiga neno mikwaju, tunalikata vipande, kisha tunapigia mstari silabi inayobeba mkazo. Hiyo ni mbinu ya awali kabisa niliyofundishwa nilipokuwa nikisomea stashahada ya uandishi wa habari, na mwalimu wetu hakujali kama neno lenyewe ni jina la waziri wa Urusi au la mfupa wa mguu. Lakini kwa majina ya viungo vya mwili penseli ile inafanya kazi mbili. Jina la waziri ukilikata unapata vipande vya sauti tu. Jina la kiungo ukilikata unapata maana.

Haya, tulikate hilo la shingo. Kipande cha kwanza ni "sterno", kutoka neno la Kigiriki la kidari. Cha pili ni "cleido", kutoka neno la Kigiriki lenye maana ya ufunguo, kwa sababu wazee wale waliuona mtulinga umepinda kama funguo za milango yao. Cha tatu ni "mastoid". Mwanzo wake ni neno la Kigiriki la titi, na ule mkia wa "oid" maana yake ni "wenye umbo la". Papasa tena nyuma ya sikio. Kile kifundo cha mfupa kinachochongoka kuelekea chini ndicho walichokiona kama titi. Basi jina zima linasema hivi: msuli wa kutoka kidari na mtulinga hadi kwenye kititi cha nyuma ya sikio. Litamke polepole: stano, klaido, mastoid, na mkazo wako uangukie kwenye "mas".

Hakuna uganga hapo. Hicho ni kibao cha daladala. Mbele ya basi pameandikwa linakotoka na linakokwenda, na anayejua vituo hahitaji kumuuliza kondakta. Misuli mingi ya shingo imepewa majina kwa mtindo huo huo. Upo mfupa mdogo chini ya ulimi uitwao "hyoid". Ukisikia "sternohyoid", msuli unatoka kidarini kwenda kwenye mfupa huo. Ukisikia "omohyoid", unatoka begani, kwa kuwa "omo" ni bega. Mwanafunzi aliyejifunza vituo kumi anaweza kusafiri shingo nzima.

Nasema haya si kwa kujifurahisha na maneno. Miaka kadhaa iliyopita mama mmoja kijana, jirani yangu, alinijia jioni akiwa na mtoto mgongoni na karatasi mkononi. "Shikamoo dada," alisema, "wewe unakisoma Kiingereza kila siku, nisomee hii." Mtoto alikuwa na umri wa wiki sita hivi. Shingo yake ililalia upande mmoja, na ukiipapasa unakuta kijivimbe kigumu kama kokwa la zambarau. Karatasi ilikuwa na lile neno la herufi 19 na jingine moja baada yake: "tumour". Aliyeandika hakumweleza kitu. Pengine foleni nje ilikuwa ndefu. Nyumbani alipatikana mtu wa kumtafsiria neno la pili, akasema ni saratani. Wiki tatu mama yule hakurudi hospitali. Ndugu walikuwa wameanza kuchanga fedha za kumpeleka mtoto kwa mganga, na bibi yake alikuwa hali chakula. Yalikuwa matanga ya mtu aliye hai.

Sasa sikiliza. Hilo neno "tumour" ni la Kilatini, na maana yake ya asili ni uvimbe. Daktari hulitumia kwa uvimbe mwema na kwa uvimbe mbaya. Uvimbe wa msuli huu wa shingo kwa watoto wachanga ni jambo linalojulikana sana. Si saratani. Kwa watoto wengi hunywea wenyewe, huku shingo ikinyooshwa kwa mazoezi ambayo mama hufundishwa, na mazoezi hayo yakianza mapema ndipo yanapofaa zaidi. Kesho yake nilimsindikiza, na mtaalamu wa mazoezi ya viungo alimweleza yote hayo kwa Kiswahili, kwa muda usiozidi dakika tano. Mtoto alinyooka shingo kabla hajaanza kutembea. Lakini zile wiki tatu nani atamrudishia mama yake?

Basi yametoka wapi majina haya, na kwa nini yanatufikia yamevaa joho la kigeni? Nitachukua moja tu, ninalolipenda kuliko yote, tulifuate safari yake.

Chakula kikitoka tumboni huingia katika kipande cha kwanza cha utumbo mwembamba. Waingereza hukiita "duodenum", nasi tumezoea kusema duodeni. Wasikilizaji wengi wanakifahamu kwa shari, maana vidonda vya tumbo mara nyingi huwa hapo. Kiliitwaje hivyo? Mnamo mwaka 300 kabla ya Kristo, au baada ya hapo kidogo, palikuwa na tabibu mmoja Mgiriki aitwaye Herophilus katika mji wa Aleksandria nchini Misri. Aleksandria ya wakati ule ilikuwa miongoni mwa mahali pachache sana ambapo tabibu aliruhusiwa kupasua maiti ya binadamu na kutazama ndani. Herophilus alikifikia kipande kile cha utumbo, akakipima kwa kukiwekea vidole vyake ubavu kwa ubavu. Vikatosha kumi na viwili. Kwa vipimo vya leo ni kama sentimita 25. Akakiita kwa Kigiriki "cha vidole kumi na viwili".

Vipimo vya namna hiyo si vigeni kwetu. Mswahili alipima kwa pima, kwa dhiraa, kwa shibiri, na kwa kitu kidogo kidogo alipima kwa wanda, yaani upana wa kidole kimoja. Fundi wa jahazi angemwelewa Herophilus mara moja. Nyanda kumi na mbili, basi.

Vitabu vya Herophilus vilipotea. Tunamjua kwa sababu waliomfuata walimtaja, na mkubwa wao alikuwa Galen, mzaliwa wa Pergamon, aliyetibu wafalme wa Roma katika karne ya 2. Galen naye aliandika kwa Kigiriki, na aliandika kwa wingi, ingawa yeye alipasua zaidi nyani na nguruwe kuliko watu. Roma ilipoanguka Magharibi, Ulaya ile ikakisahau Kigiriki. Kazi ikahamia Baghdad. Huko, katika karne ya 9, Hunayn ibn Ishaq na wenzake walikaa wakazitafsiri kazi za Galen kitabu baada ya kitabu, kwa Kisiria na kwa Kiarabu. Hunayn alikuwa Mkristo aliyefanya kazi chini ya makhalifa wa Kiislamu, na hakuna aliyeona ajabu. Utumbo wa vidole kumi na viwili ukapata jina la Kiarabu, na jina hilo ni ile hesabu yenyewe: ithna-ashara. Ndilo analolitumia Ibn Sina katika kitabu chake kikubwa cha tiba, Qanun, alichokikamilisha karibu mwaka 1025.

Msikilizaji wa pwani ameshatabasamu. Ithna-ashara ndiyo thenashara yetu. Anayesoma Biblia ya Kiswahili anawajua mitume kama wale Thenashara. Kumbe neno lile lile limekaa miaka yote katika vinywa vya wazee wetu, na limekaa vilevile ndani ya matumbo ya watu wote, kwa Kiarabu cha madaktari.

Safari haijaisha. Katika karne ya 12 mtu mmoja kutoka Cremona ya Italia, jina lake Gerard, alikwenda Toledo huko Hispania kutafuta vitabu vya Kiarabu. Alikaa huko hadi alipofariki mwaka 1187, na kati ya vitabu alivyovigeuza kuwa Kilatini ni hiyo Qanun. Alipofika kwenye utumbo ule akaandika kwa Kilatini "wa vidole kumi na viwili". Waliokuja baada yake wakaona ni refu, wakaviacha vidole wakabaki na hesabu. Basi daktari wa London anaposema "duodenum" kwa sauti nzito, huku akishika miwani yake, anachosema ni "kumi-na-mbili". Kumi na mbili ya nini? Vidole vilidondoka njiani, kati ya Toledo na London.

Mjerumani yeye hakuviacha. Katika lugha yake ya kila siku, na mbele ya daktari wake pia, kiungo hicho kinaitwa utumbo wa vidole kumi na viwili, kwa maneno ya Kijerumani ambayo mtoto wa shule ya msingi anayaelewa. Na mtulinga wake anauita mfupa wa ufunguo. Sijasikia mtu akisema kwamba kwa sababu hiyo udaktari wa Kijerumani ni dhaifu.

Ukishaanza kupasua hivi, hofu inageuka kuwa kicheko, maana wazee wale walikuwa watu wa nyumbani kama sisi. Walipokosa jina waliangalia jikoni, zizini na karakanani. Shimo la nyonga, ambamo kichwa cha fupaja hukaa, lina jina la Kilatini lenye maana ya kibakuli cha siki. Mfupa wa muundi uliitwa zumari, "tibia", kwa sababu zumari za kale zilichongwa kwa mifupa. Ndani ya sikio wamo nyundo, fuawe na kikuku cha kupandia farasi, karakana nzima ya mhunzi katika nafasi ndogo kuliko kokwa la embe, na kando yake yupo konokono. Jina la Kiingereza la msuli linatokana na "musculus", yaani panya mdogo. Kunja mkono, kunjua, kunja tena, utamwona panya anavyokimbia chini ya ngozi.

Waarabu nao waliongeza ya kwao. Ngozi zinazoufunika ubongo waliziita mama, mmoja mgumu na mwingine mwembamba, na Walatini wakatafsiri vivyo hivyo. Mpaka leo daktari wa upasuaji wa kichwa, mahali popote duniani, hulazimika kumpita mama mgumu kabla hajamfikia mama mpole. Yule mwembamba kwa Kilatini alipewa jina la "pia", nalo kwetu ni kitu kingine kabisa, ila acha hilo. Na ile ngozi ya nyuma ya jicho inayopokea picha waliilinganisha na wavu. Waarabu wakaiita kwa neno linalotokana na shabaka, ambalo wavuvi wetu wanalo hadi leo, na Walatini wakatia wavu wao, ikawa "retina".

Lakini linalonipendeza zaidi liko nyuma ya mguu, chini ya goti. Msuli mnene wa hapo unaitwa "gastrocnemius". Kata: "gastro" ni tumbo, "cnemius" inatokana na neno la mguu wa chini ya goti. Tumbo la mguu. Mgiriki alitazama ule unene akaona tumbo. Mswahili alitazama unene ule ule akaona shavu, akasema shavu la mguu. Nani kati yao ameona vizuri zaidi? Mimi nampa ushindi Mswahili, kwa sababu tumbo hulegea, na shavu la mguu la mpanda baiskeli halilegei. Hata hivyo mmoja jina lake limekuwa sayansi, na mwingine jina lake limeachwa sokoni. Tofauti haikutokana na akili ya aliyeangalia.

Nije kwenye matamshi, maana hapo ndipo vijana wetu wengi huaibishwa. Kiswahili kina sheria moja nyepesi: mkazo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Kilatini nacho kina sheria, lakini ina mlango wa pili. Tazama silabi ya pili kutoka mwisho. Ikiwa irabu yake ni ndefu, au inafuatwa na konsonanti mbili, weka mkazo hapo kama Mswahili. Ikiwa ni nyepesi, rudi nyuma silabi moja zaidi. Kwa hiyo "patella", mfupa wa mbele ya goti, hubeba mkazo kwenye "te", mahali ambapo sisi tungeuweka. Lakini kile kibakuli cha siki, "acetabulum", hubeba mkazo kwenye "ta", silabi ya tatu kutoka mwisho. Usidhani jambo hilo hatuna. Barabara ya magari na barabara ya kusema "sawasawa kabisa" zinaandikwa herufi zile zile, na mkazo ndio unaozitenganisha. Anayeweza kuzitofautisha hizo mbili anaweza kutamka jina lolote la mfupa.

Waingereza wenyewe wanagawanyika. Duodeni ile, Mwingereza huikazia kwenye "dii", na Wamarekani wengi huikazia kwenye "o". Kamba ya kitovu, Mwingereza mara nyingi hutamka ambi-lai-kal, Mmarekani ambi-li-kal na mkazo wake mahali pengine. Wote wawili wanazalisha akina mama salama. Tena Waingereza wana historia yao ya pekee. Kati ya karne ya 15 na ya 17 irabu za lugha yao zilihama, na Kilatini walichokisoma shuleni kikahama nazo. Mwanzoni mwa karne ya 20 shule zao zikaamua kurudi kwenye matamshi ya Kirumi, lakini madaktari na mawakili wakabaki na yale ya zamani. Ndiyo sababu neno "dorsi", la mgongo, kwa daktari wa Kiingereza ni "dosai". Mrumi angesema "dorsi", tena kwa irabu zile zile ambazo mtoto wa Kitanzania angezitumia bila kufundishwa. Irabu tano za Kiswahili ziko karibu zaidi na Roma kuliko za London. Kwa hiyo mwanafunzi wa uuguzi anayechekwa kwa "kusoma Kiswahili" neno la Kilatini, na achekwe kwa jambo jingine.

Kuna herufi za kuruka. P inayotangulia t au n mwanzoni mwa neno Mwingereza haitamki: "pterygoid", yenye umbo la bawa, ni "terigoid". X ya mwanzo huwa z: ile ncha ya chini ya kidari, "xiphoid", yenye umbo la upanga, ni "zifoid" au "zaifoid". Hayo ni madogo. Makubwa ni vipande vinavyofanana kwa sauti na kupingana kwa maana. "Hypo" ni chini au upungufu, "hyper" ni juu au kuzidi. Katika mdomo wa Kiingereza zinasikika "haipo" na "haipa", na kwa bahati njema ya kwanza inajieleza kwa Kiswahili: haipo, imepungua. Sasa fikiria shinikizo la damu. Neno moja ni la damu iliyoshuka, jingine la damu iliyopanda, na anayesikia vibaya kupitia simu anaweza kutoa dawa ya kumshusha mgonjwa ambaye tayari yuko chini. Hali kadhalika msuli wa kuupeleka mguu mbali na mwili na ule wa kuurudisha karibu: majina yao ya Kiingereza yanatofautiana kwa b na d tu. Baadhi ya madaktari, kwa kujihadhari, huitaja herufi yenyewe kwanza ndipo wamalizie neno. Wana busara. Sisi wa redio tungefanya vivyo hivyo.

Nimesema joho la kigeni. Joho hilo halikuvaliwa kwa bahati mbaya. Mwaka 1615 tabibu Helkiah Crooke alichapisha London kitabu kikubwa cha maumbile ya mwili, Mikrokosmographia, kwa Kiingereza. Chuo cha Madaktari cha London kilijaribu kukizuia. Sababu moja ilikuwa zile sura na picha za viungo vya uzazi. Si jambo la kusomwa na kila mtu, walisema, tena kwa lugha ya kila mtu. Mwaka 1649 Nicholas Culpeper akachukua kitabu cha dawa cha chuo hicho hicho, kilichokuwa kwa Kilatini, akakitoa kwa Kiingereza bila ruhusa. Waheshimiwa walikasirika mno. Ona basi: hiki Kiingereza ambacho leo kinatutisha, kilikuwa wakati ule lugha ya wasiostahili kujua. Wenye Kilatini walikitazama kama baadhi yetu wanavyokitazama Kiswahili.

Wala majina hayo hayakushuka kutoka mbinguni. Andreas Vesalius alipochapisha kitabu chake cha maumbile ya mwili huko Basel mwaka 1543, alipata taabu ya kuwa na majina mawili matatu kwa mfupa mmoja, ya Kigiriki, ya Kilatini na ya Kiarabu, na mengine akaona heri aihesabu misuli kwa namba. Baada yake kila profesa akaongeza lake. Kufikia mwishoni mwa karne ya 19 palikuwa na majina yapatayo 50,000 kwa viungo na sehemu zisizozidi sana 5,000. Mwaka 1895 wanaanatomia wa Kijerumani, wakikutana katika mji ule ule wa Basel, wakakubali orodha moja ya Kilatini yenye majina kama 5,500. Majina ya watu yakafutwa: akina Eustachi na Falloppio wakanyang'anywa mirija yao, angalau kwenye karatasi. Orodha ikarekebishwa tena na tena. Ile iliyotoka mwaka 1998 iliweka Kilatini upande mmoja na Kiingereza upande wa pili, na nyingine imetoka mwaka 2019. Zingatia hapo: Kilatini ndicho asili, na Kiingereza kimekaa kama tafsiri. Safu ya tatu ikiwekwa, ya Kiswahili, haitakuwa imemnyang'anya mtu kiti.

Na maneno tunayo. Tuna mtulinga, fupaja, muundi, umio, koromeo, kongosho, bandama, gegedu, kano, kifandugu. Ule mfupa wa goti una majina mawili, pia ya goti na kilegesambwa, na hilo la pili lina silabi tano, kwa hiyo tusiambiwe kwamba Kiswahili hakiwezi maneno marefu. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambayo siku hizi ni TATAKI, ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Lakini wengi wetu tulisoma biolojia ya sekondari kwa Kiingereza, tukatoka tunaijua "patella" ya kuandika kwenye mtihani, na kilegesambwa hatujawahi kukisikia nje ya kinywa cha bibi.

Mimi sisemi Kilatini kifukuzwe. Daktari wa Mombasa akimwandikia mwenzake wa Mumbai, lazima wote wawili wamaanishe msuli ule ule, na jina lile refu linafanya kazi hiyo vizuri kuliko shavu la mguu. Ninachokitaka ni mstari mmoja wa Kiswahili chini yake, kwenye karatasi anayokwenda nayo mgonjwa nyumbani. Wino wa mstari mmoja haumalizi kalamu. Na mgonjwa naye aulize: "Daktari, naomba unikatie neno hili." Sijamwona daktari aliyekasirika kwa swali hilo, wengi hufurahi, maana nao waliyakariri majina hayo usiku, kwa mishumaa umeme ulipokatika, na ni nadra mtu kuwauliza.

Nimebakiza moja la kwenda nalo nyumbani, refu kuliko yote tuliyoyataja leo. Kuna msuli mdogo usoni, kando ya pua, uitwao "levator labii superioris alaeque nasi". Kata. "Levator" ni mwinuaji. "Labii superioris" ni wa mdomo wa juu. "Alaeque" ni na wa bawa, ile "que" ya mwisho ikiwa ndiyo "na". "Nasi" ni la pua. Mwinuaji wa mdomo wa juu na wa bawa la pua. Mwingereza atatamka levei-ta, leibi-ai, supirio-ris, alii-kwi, neizai. Mrumi angetamka karibu kama ulivyoandikwa. Unautaka uujue ulipo? Ni ule unaoikunja pua yako asubuhi unapopita kwenye jalala ambalo halijazolewa kwa wiki mbili.